Yah: Ulimi wa Dalali

Tarehe 6 Agosti

Mke mwenzangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na kama una mafua basi ni yale yale ya kulala na nywele zilizolowa. Sisi huku hatujambo. Babu yako hajambo, anakusalimu sana.

Barua yako ya kurasa nne niliipata. Kurasa tatu ulikuwa unaisifu maktaba ya shule na moja unaomba sabuni. Sabuni nimempa kondakta wa basi, itakufikia kama hatajipaka yeye. Kuhusu maktaba, mimi nilidhani mtu huenda shule kusoma vitabu atakavyoulizwa kwenye mtihani. Sikujua kuna chumba kizima cha kusoma visivyoulizwa na mtu. Nimefurahi. Siku ukiolewa na kabati la vitabu, nitabaki na mume peke yangu.

Sasa nina kazi nataka unifanyie humo. Jirani yetu Mzee Honi ameugua. Aliamka asubuhi upande wa kulia umelegea na ulimi umekwenda. Anakutazama, unaona kabisa kuna neno linataka kutoka, halitoki. Hospitali wamesema ni kiharusi. Daktari alieleza harakaharaka, mkewe akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, na alipofika nyumbani hakukumbuka hata moja. Anaona haya kurudi kuuliza. Nikamwambia mimi nina mke mwenza msomi. Basi nitafutie kitabu kinachosema ulimi wa namna hiyo hurudi vipi, na mke afanye nini kutwa nzima na mtu asiyesema.

Ila usitafute mpaka ukaacha masomo. Mtihani wa mwisho ndio huo unakuja, na hauulizi habari za majirani.

Mke mkubwa

*

Tarehe 6 Agosti

Kwa Mkutubi,
Maktaba ya Shule ya Sekondari ya Wasichana.

YAH: MUME WANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nisamehe kwa kichwa chenyewe. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisini maisha yangu yote ya kazi, na kwa mtu nisiyemjua sijui kuandika namna nyingine.

Mjukuu wangu ni yule mrefu wa kidato cha nne anayeuliza sana. Nyumbani tunamwita Chiriku. Atakuja kwako kutafuta habari za kiharusi, akisema ni za jirani yetu. Jirani yetu ana afya ya punda. Mgonjwa ni mume wangu.

Mtoto huyu tumemlea sisi tangu anatambaa, na babu yake ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani. Akisikia, atapanda basi la kwanza, na akishapanda hatarudi huko mpaka mtihani umepita. Nilimuuliza mume wangu, tumwambie? Akatikisa kichwa mpaka mto ukaanguka. Kwa hiyo si uamuzi wangu peke yangu.

Mume wangu alikuwa dalali wa mnada. Akinadi kitanda sokoni, watu wa kituo cha basi walijua bei. Sasa nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia maji yanachemka nikiwa chumba kingine. Naogopa, Mkutubi. Naogopa atakufa bila kuniambia neno lake tena, hata la kunigombeza.

Ninaomba mawili tu. Msaidie apate kitabu. Na usimwambie.

Ni mimi,
Mpiga chapa mstaafu

*

Tarehe 17 Agosti

Mke mkubwa, shikamoo.

Sabuni imefika. Kondakta hakujipaka, ila nadhani aliikalia.

Kazi yako nimeifanya, na ngoja nikueleze nilivyoifanya maana mwenyewe najiona bingwa. Katika maktaba yetu hairuhusiwi kusema hata neno. Mkutubi wetu, tunamwita Mama Kimya na tunadhani hajui, hana haja ya kumfokea mtu. Anakutazama tu juu ya miwani, unakumbuka dhambi zako zote. Ukiwa na swali unaliandika kwenye kikaratasi na kukitumbukiza katika sanduku la maswali mezani kwake. Jioni unakikuta kimejibiwa kwa wino wa kijani. Na hakupi jibu lenyewe, anakuandikia kabati na rafu, ukahangaike mwenyewe. Mimi niliandika: "Kiharusi. Ulimi umekwenda. Hurudi vipi?" Akajibu: "Kabati la tatu, rafu ya chini, ensaiklopidia ya afya. Anzia na faharasa kule nyuma, usianzie ukurasa wa kwanza kama kawaida yako."

Kile kitabu kina karatasi nyekundu mgongoni, maana yake hakitoki humo ndani hata ukilia. Kwa hiyo nimenakili kwa mkono kila mapumziko, na kidole kimeota sugu. Mwambie mke wa Mzee Honi hivi: mumewe hajawa mjinga. Akili iko pale pale na anaelewa, ila njia ya kutolea maneno imebomoka. Wala hajawa kiziwi, kwa hiyo asimpigie kelele. Aseme naye polepole, jambo moja moja, na amuulize maswali ambayo mtu anaweza kujibu kwa kichwa tu.

Sasa nikuambie ukweli, Bibi, nilicheka. Mzee Honi amekosa la kusema! Yule aliyegombana na Babu miaka yote kwa sababu ya ua wa michongoma! Mwambie Babu ameshinda kesi bila hakimu. Na yule mama, si amepata likizo ya masikio? Angeshukuru, badala ya kutafuta dawa.

Lakini mbona barua yako haikuwa na nyongeza ya Babu? Siku zote huandika mstari wake pale chini. Mara ya mwisho alininadia jogoo wako, nikafika dau la mabusu matatu. Mwambie nimenuna.

Mke mdogo,
Chiriku

*

Tarehe 21 Agosti

Mama mpendwa,

Barua yako nimeisoma na kuifungia kwenye droo.

Sisi wakutubi anachosoma msomaji ni siri yake. Mwalimu mkuu mwenyewe hajawahi kupata kwangu jina la mtu aliyeazima kitabu cha mapenzi, na wapo. Basi siri yako naiweza. Lakini nina sheria nyingine ya pili, nakueleza mapema usije ukasema nimekusaliti. Anayeniuliza kwa maandishi nami humjibu kweli tupu. Chiriku hajaniuliza bado mgonjwa ni nani. Siku akiuliza, sitamdanganya.

Mjukuu wako hukaa meza ya dirishani, hutikisa mguu akiandika, na hutafuna kalamu za shule. Juzi alitumbukiza kikaratasi: "Je, ni dhambi kumcheka mgonjwa asiyependwa?" Nilijua anamcheka nani bila kujua. Mwisho nikaandika: "Kabati la kwanza, vitabu vya dini." Sikupata jibu bora zaidi.

Nimekwenda ghalani, nimepata kitabu cha zamani cha wauguzi chenye sura nzima juu ya kurudisha maneno. Nimekifuta vumbi na kukiweka rafuni. Yeye atakifikia mwenyewe, ninamjua. Wewe jikaze, na kula. Wanaouguza husahau kula.

Mkutubi
(Mama Kimya. Ninajua.)

*

Tarehe 2 Septemba

Mke mwenzangu,

Umefanya kazi ya watu wazima, Mungu akubariki na hicho kidole chako. Mke wa Mzee Honi ameyafuata yote. Kumbe kweli alikuwa anampigia kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, na mgonjwa wa watu anafumba macho. Sasa anamuuliza polepole: Unataka chai? Kichwa. Unaumwa? Kichwa. Ni nafuu kubwa. Ila jana mgonjwa alikasirika akatupa kijiko, kwa sababu aliulizwa kila kitu duniani isipokuwa kile alichokitaka, na mkewe akaenda kulia nyuma ya nyumba ambako hawezi kuonwa.

Tafuta tena, mama. Kitabu hakisemi namna ya kuuvuta ulimi wenyewe?

Babu yako alikuwa na shughuli nyingi, ndiyo maana hakuongeza neno mara iliyopita. Safari hii huyo hapo chini.

Mke mkubwa

Nyongeza ya Babu: Mjukuu wangu, tafadhali soma kwa bidii. Ninakutakia mafanikio mema. Wako, Babu.

*

Kikaratasi, sanduku la maswali, 11 Septemba

Mama, hili si swali la kitabu. Mgonjwa ni babu yangu?
Meza ya dirishani

(Kwa wino wa kijani)
Ndiyo. Yu hai. Yeye mwenyewe hakutaka uambiwe. Njoo ofisini kwangu sasa hivi, mlango uko wazi. Humo unaruhusiwa kulia kwa sauti.

*

Tarehe 12 Septemba

Bibi, shikamoo.

Babu hajawahi kuandika tafadhali tangu azaliwe. Wala hajawahi kuweka nukta mahali pake. Uliupindisha mwandiko vizuri sana, hata ile herufi yake ya M kama kiti kilichovunjika uliipata, lakini ukamalizia kama barua ya ofisi. "Ninakutakia mafanikio mema." Nilisoma mstari ule nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Nimekukasirikia. Nimemkasirikia na Mama Kimya, ingawa alinishika kichwa mpaka nikamaliza kulia. Lakini zaidi najikasirikia mwenyewe. Niliandika likizo ya masikio, Bibi. Na wewe humsomea barua zangu zote kwa sauti. Alilala pale akasikia.

Nimeshafunga sanduku langu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ulinifundisha wewe, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama Kimya hakunizuia. Alisema basi lipo kila siku, na kitabu cha wauguzi kipo kabati la tatu, nichague kuanza na kipi. Nikaanza na kitabu.

Kinasema mgonjwa aliyepoteza maneno yake ya kawaida, pengine hubakiwa na yale aliyoyasema kila siku kwa miaka mingi hadi yakatoka bila kuyafikiria. Mmoja anasali. Mwingine anahesabu, au anaimba wimbo mzima, na kuomba maji hawezi. Wanasema maneno hayo huhifadhiwa mahali pengine kichwani. Nilisoma hapo nikasimama wima, kiti kikaanguka, Mama Kimya akanitazama juu ya miwani.

Babu alisali lini? Alinadi.

Kaa mbele yake. Usimwambie ni dawa, atakataa. Chukua kitu chochote, kinyanyue juu kama anavyofanya yeye, useme, "Mara ya kwanza." Kisha nyamaza.

Nangoja barua yako mpaka Jumamosi ijayo. Mpe kondakta, posta itachelewa. Nisipoipata napanda basi, uwepo mtihani usiwepo.

Chiriku

*

Tarehe 17 Septemba

Mke mwenzangu,

Nisamehe. Nilitaka umalize mtihani wako kwanza ndipo uanze kulia, kama vile mtu anaweza kupangiwa.

Barua yako niliipata mchana. Nikamuuliza, Chiriku amejua, umekasirika? Kichwa kikasema hapana. Basi nikaenda jikoni nikachukua sufuria iliyotoboka, maana sikutaka kunadi kitu cha maana halafu nikaaibika nacho. Nikainyanyua mbele yake. Aliitazama kwa dharau. Nikasema, "Mara ya kwanza." Kimya. Nikajiona mjinga, mwanamke mzima nimesimama na sufuria hewani. Mkono ulikuwa umeanza kushuka.

"Mara ya pili!" Chiriku, ni sauti ile ile. Madirisha yalisikia. "Mara ya tatu! Imekwenda!"

Mzee Honi alikuja mbio kupitia kwenye ule ua wao wa ugomvi, amechanika shati, akidhani nimefiwa. Alipoona mambo yalivyo, akasimama mlangoni, akainua mkono, akasema, "Mimi naongeza dau." Babu yako akaanza upya. Tuliuza sufuria ile mpaka nikashindwa kusimama kwa kulia.

Na hili ulijue ili moyo wako utulie. Mzee Honi ndiye anayekuja kila asubuhi kumnyanyua na kumwogesha, maana mimi simwezi. Siku niliyosoma barua yako ya likizo ya masikio, wote wawili walikuwepo. Babu yako alicheka kwa nusu ya mdomo mpaka mate yakamtoka, kicheko chake cha kwanza tangu augue. Mzee Honi hakucheka papo hapo. Aliuliza kwanza yeye ameugua nini, na tangu lini. Baadaye alicheka kuliko sisi. Sasa anatembea akiwaambia watu anaumwa kwa niaba.

Kwa hiyo fungua sanduku. Nyoka hayupo hapa, na wewe ukiwa na vitabu ndiyo fimbo yenyewe.

Lakini tumeshakubaliana kutodanganyana, basi nikueleze lililobaki. Ni mnada tu. Akitaka maji hawezi kusema maji. Ananyoosha kidole, anasema mara ya kwanza, mara ya pili, nami nambebea vitu vya nyumba nzima kama mchukuzi kabla sijajua alitaka dirisha lifunguliwe. Mimi hajaniita. Ananitazama, anajaribu, anaishia kuniuza.

Mke mkubwa

*

Tarehe 4 Oktoba

Mke mkubwa, shikamoo. Na shikamoo Babu, maana najua unasomewa.

Sanduku nimelifungua. Nguo zote zimekunjamana na nimeitwa ofisini kwa ajili ya sketi. Mama Kimya ameniwekea meza yangu ya dirishani, na sasa kitabu cha wauguzi nakikuta kimeshafunguliwa pale nilipoishia. Tukimaliza ukurasa wa Babu, ananisogezea kemia.

Sura inayofuata, Bibi, haitakupendeza. Inasema tumngoje. Akianza kutafuta neno, usimpe. Usimmalizie. Hata kama unalijua, hata kama anatokwa jasho, kaa kimya umtazame kama mtu mwenye nafasi ya kutwa nzima. Najua ninamwambia nani. Wewe humalizia watu sentensi tangu ulipokuwa ofisini, hata kasisi ulimmalizia mahubiri. Lakini wanasema anayepewa neno kila mara huacha kulitafuta.

Na wanasema pia kwamba neno lake mwenyewe huenda lisije. Wengine hubaki na yale ya mazoea mpaka mwisho. Nilifikiri kuruka mstari huo nilipokuwa nanakili. Sikuuruka.

Mtihani unaanza wiki tatu kutoka leo. Wenzangu wanaogopa hesabu. Mimi naogopa kurudi nyumbani, Babu anitazame mlangoni, aninadi kama sufuria, asiweze kuniita jina langu. Nimekuambia ili uwe unajua. Nitaufanya mtihani hivyo hivyo.

Nawapenda wote wawili, na huyo mgonjwa wa niaba mpeni salamu.

Chiriku

*

Tarehe 2 Novemba

Mke mwenzangu mpendwa,

Najua uko katikati ya mtihani, na nilikuwa nimekula kiapo nisikuandikie mpaka umalize. Nimeshindwa. Isome haraka kisha urudi kwenye kemia.

Leo asubuhi nilikuwa namkata kucha hapo dirishani. Mzee Honi alikuwa ameshaondoka. Maziwa nilikuwa nimeyabandika jikoni, nikasikia yanaanza kupanda, nikaweka mkasi chini na kusimama.

Akanishika mkono. Kwa ule mkono wake mzima, akaubana. Nikadhani anataka kunadi, nikatazama nione kidole kinaelekea wapi. Hakikuelekea popote. Alikuwa ananitazama mimi, na mdomo umeanza kuhangaika.

Nikangoja. Chiriku, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilikuwa nayo maneno mdomoni ya kumpa, maji, mto, dirisha, choo, na yote niliyameza. Nilisikia maziwa yanamwagika juu ya jiko, harufu ikaja mpaka tulipo, na bado nikangoja. Alianza, akaacha. Akaanza tena. Jasho lilimtoka, nami likanitoka.

Akasema, "Kaa."

Hakulinadi. Alilisema polepole, kwangu mimi.

Nikamwambia maziwa yanaungua. Akaitikia kwa kichwa, kwamba anajua. Akasema tena, "Kaa."

Basi nikakaa.

Mke mkubwa